Jinsi ya Kuchagua Regyuleta ya Mtungi wa Gesi ya Kinga

Fundi anayekwenda kununua regyuleta ya mashine yake ya MIG au TIG, yaani mashine za kuchomelea kwa umeme huku gesi ikikinga chuma kilichoyeyuka, mara nyingi huanza kwa kutazama geji. Zikiwa mbili, zikiwa zinang'aa, na nati ya nyuma ikionekana kuingia kwenye mtungi, hulipa na kuondoka. Baada ya wiki chache anaona vitundu kwenye mshono, anaongeza gesi, vitundu vinazidi, na lawama zinaangukia waya, kutu ya bati au upepo wa mlangoni. Mwongozo huu unashika njia ya kinyume. Unaanzia kwenye gesi iliyomo mtungini, unapitia kwenye nati, na ndipo unafika kwenye kile kipimo ambacho fundi hukitazama kila siku, maana hapo ndipo regyuleta mbili zinazofanana kwa sura hutofautiana sana kwa kazi.

Regyuleta ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza mgandamizo, au presha kama inavyoitwa karakanani, kutoka bar 150, 200 au hata 300 zilizomo mtungini hadi bar chache ambazo mpira wa gesi na vali ya mashine vinaweza kuzihimili. Ya pili ni kuitoa gesi kwa kiasi kinachojulikana, kwa kuwa chuma kilichoyeyuka hakijali mgandamizo uliomo mpirani, bali kinajali ni lita ngapi za gesi zinazokifunika kila dakika. Regyuleta ya kawaida ya oksijeni hufanya kazi ya kwanza tu. Geji yake ya pili inasoma bar, na hakuna namna ya kuzitazama bar hizo peke yake ukajua lita zinazotoka kwenye nozeli, yaani mdomo wa tochi ya kuchomelea. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutoiazima kutoka kwenye kitoroli cha kukatia. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: regyuleta ikitumika kwenye gesi nyingine, ikapata mafuta au uchafu, kisha ikarudishwa kwenye oksijeni, inaweza kuwaka moto mkononi mwa anayeifungua.

Gesi kwanza

Agoni, pamoja na michanganyiko ya agoni na kaboni dayoksaidi inayotumika sana kwa MIG, hukaa mtungini ikiwa gesi tupu, bila kimiminika. Kwa hiyo mgandamizo hushuka sambamba na matumizi, na geji ya mtungi inasema kweli kuhusu kilichobaki. Mtungi wenye ujazo wa lita 50 uliojazwa hadi bar 200 hubeba takriban lita 10,000 za gesi. Geji ikifika 100, umebaki na nusu. Kwa mtiririko wa lita 15 kwa dakika, mtungi huo ukiwa umejaa unatosha kuchomelea kwa zaidi ya saa 11 mfululizo, na kwa kuwa hakuna fundi anayechomelea bila kupumzisha mkono, kwa hesabu ya siku za kazi ni muda mrefu zaidi ya hapo.

Kaboni dayoksaidi tupu, ambayo wengi huiita hewa ukaa, ina tabia nyingine kabisa, na ndiyo inayowachanganya watu. Ndani ya mtungi wake sehemu kubwa ni kimiminika, na juu yake pana mvuke. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi mvuke huo una mgandamizo wa bar 57 hivi, na utabaki hapo hapo iwe mtungi umejaa au umebaki nusu, mradi kimiminika bado kipo. Geji itaanza kushuka pale tu tone la mwisho litakapokuwa limegeuka mvuke, na wakati huo sehemu kubwa ya gesi imeshatumika. Anayetaka kujua amebakiwa na kiasi gani aupime mtungi kwenye mizani, aondoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni, kisha akadirie kwamba kila kilo moja hutoa gesi isiyopungua lita 500. Usinunue regyuleta ghali ya kaboni dayoksaidi kwa sababu tu geji yake ya mtungi ni kubwa na nzuri, kwa kuwa geji hiyo ina machache ya kukuambia.

Tabia hiyo hiyo huleta barafu. Kimiminika kinapogeuka mvuke huvuta joto kutoka kwenye mtungi, na mvuke huo ukipita kwenye tundu dogo la regyuleta na kutanuka ghafla, hupoa zaidi. Ukichomelea kwa muda mrefu kwa mtiririko mkubwa, utaona jasho kwenye mwili wa regyuleta, kisha unga mweupe, na mwishowe punje za barafu kavu ndani zinaziba njia ya gesi. Mtiririko unapungua au unakuja kwa mikupuo, na mshono unaanza kutoboka. Kwa kazi fupi fupi hilo halitokei sana. Kwa kazi ya mfululizo, chagua regyuleta yenye kipasha joto cha umeme, au iliyotengenezwa na mwili mnene wenye mapezi ya kuvuta joto la hewa. Ukinunua ya umeme, soma volti zake kabla ya kuondoka dukani: vipashio vingine hutumia volti 36 au 42 zinazotoka kwenye tundu lililo nyuma ya mashine ya kuchomelea, na vingine hutumia umeme wa ukutani. Kipasha cha volti 36 kilichochomekwa ukutani hakidumu hata kwa muda wa kupanga vifaa. Regyuleta ikiganda, ifungwe ipumzike. Kuiyeyusha kwa moto wa tochi ni kuharibu kiwambo chake, yaani utando wa ndani unaoongoza vali, na kujitafutia ajali.

Vilevile mtungi wa kaboni dayoksaidi lazima usimame wima wakati wa kazi, la sivyo kimiminika kitaingia kwenye regyuleta. Ipo mitungi yenye mrija wa ndani unaofika chini kabisa, iliyokusudiwa kutoa kimiminika, na hiyo haifai kwa kuchomelea hata ukiisimamisha. Ulizia kabla ya kuuchukua.

Heli nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa wanaoitumia ni wachache: ni nyepesi mno, inahitaji mtiririko mkubwa kuliko agoni, na inapotosha kipimo kwa namna nitakayoieleza mbele.

Nati na nyuzi zake

Mtungi na regyuleta hukutana kwenye nyuzi, na nyuzi hizo hazikuchaguliwa kiholela. Zimewekwa zitofautiane ili gesi moja isifungwe kwenye kifaa cha nyingine. Kwa mfumo wa Marekani, mtungi wa agoni na kwa kawaida michanganyiko yake huwa na mdomo unaoitwa CGA 580, ilhali kaboni dayoksaidi hutumia CGA 320. Kwa mfumo wa Uingereza wa BS 341, agoni hutumia namba 3, ambapo ncha ya regyuleta huingia ndani ya vali ya mtungi, na kaboni dayoksaidi hutumia namba 8, ambapo nati hufunga kwa nje. Kwa mfumo wa Ujerumani wa DIN 477, agoni na kaboni dayoksaidi hutumia mdomo mmoja, namba 6. Kwa hiyo palipo na mfumo huo, nati kukubali kuingia hakutoshi kuwa ushahidi kwamba regyuleta inafaa, na ni lazima usome maandishi yaliyo kwenye mwili wake.

Mitungi ya bar 300 ina nyuzi zake, na kuna sababu. Regyuleta iliyopimwa kwa bar 200 haipaswi kuguswa na mtungi huo hata kwa majaribio. Tafuta kwenye mwili wa regyuleta mgandamizo wa juu unaoruhusiwa kuingia, jina la gesi, na namba ya kiwango cha ISO 2503, ambacho ndicho kiwango cha kimataifa cha regyuleta za mitungi za kuchomelea na kukatia hadi bar 300. Kifaa kisichokuwa na maandishi yoyote kwenye mwili, hata kikiwa cha bei ya kuvutia, mimi nisingekifunga kwenye mtungi.

Adapta za kuunganisha nati isiyofaa na mtungi usio wake zipo, na zinauzwa waziwazi. Ushauri wangu ni kuzikwepa: badala ya adapta, nunua regyuleta yenye nati inayostahili. Tena usizungushe utepe wa mabomba ya maji kwenye nyuzi za upande wa mtungi. Viungo vya CGA 580 na BS namba 3 huziba kwa chuma kukaa juu ya chuma, wala si kwa nyuzi, na utepe huo utazuia chuma kukaa vizuri, na vipande vyake vitakwenda kukwama ndani. Viungo vya kaboni dayoksaidi vya CGA 320 na BS namba 8, kinyume chake, vinahitaji washa bapa. Weka washa mpya akiba, kwani hiyo ndogo ndiyo inayoharibika kwanza.

Hatua moja au mbili

Regyuleta ya hatua moja hushusha mgandamizo wote kwa mkupuo mmoja: springi inasukuma kiwambo, kiwambo kinafungua vali ndogo, na gesi ikishafika kiwango ulichoweka, inakisukuma kiwambo kirudi. Ubaya wake ni kwamba mgandamizo wa mtungi wenyewe unashiriki kuisukuma vali ile ifunge. Mtungi unapopungua, msukumo huo nao unapungua, na mgandamizo unaotoka unapanda polepole bila mtu kugusa skrubu. Regyuleta ya hatua mbili hushusha kwanza hadi kiwango cha katikati, kisha hatua ya pili inapokea gesi iliyotulia, na kinachotoka hakibadiliki sana tangu mtungi ujae hadi ukaribie kuisha.

Je, ulipie hatua mbili? Kwa agoni ya TIG kwenye kazi za usahihi, hasa mabomba ya chuma kisichoshika kutu, ndiyo, utaona faida. Kwa MIG ya mageti, fremu na matangi, hatua moja iliyotengenezwa vizuri inatosha, mradi uitazame mita mara moja moja mtungi unapokaribia kuisha. Kwa kaboni dayoksaidi tupu, hatua mbili ni karibu na kupoteza fedha, kwa sababu kama tulivyoona, mgandamizo wa mtungi wake hautembei kutoka 200 hadi 10, bali unakaa palepale hadi kimiminika kiishe.

Geji ya mtiririko au gololi inayoelea

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Regyuleta za gesi ya kinga hupima mtiririko kwa njia mbili. Ya kwanza ni geji ya pili iliyoandikwa lita kwa dakika. Ndani yake hiyo ni geji ya kawaida ya mgandamizo, na kwenye mdomo wa kutokea pana kitundu chembamba kilichotobolewa kwa kipimo maalumu. Mtengenezaji alihesabu kwamba mgandamizo fulani nyuma ya kitundu hicho utapitisha lita fulani, akachora lita badala ya bar. Njia ya pili ni mrija wa kioo au plastiki ngumu, uliosimama wima na kutanuka kidogo kuelekea juu, wenye gololi ndani. Gesi inapopita inaibeba gololi, na inapopita nyingi zaidi, gololi inapanda juu zaidi.

Tofauti yake utaiona kwa jaribio dogo. Fungua gesi, bonyeza swichi ya tochi ili gesi itoke, kisha uuminye mpira kwa nguvu hadi gesi ikome. Kwenye mrija, gololi itaanguka chini mara moja. Kwenye geji, mshale utabaki pale pale kwenye 15 kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu mgandamizo ulio nyuma ya kitundu haujabadilika. Sasa weka nozeli iliyojaa masizi na matone ya chuma badala ya vidole vyako, au mpira uliokanyagwa na gurudumu la kitoroli, na utaelewa jinsi fundi anavyoweza kuchomelea siku nzima akiwa na hakika kwamba gesi ipo. Geji hiyo pia hupoteza maana siku mtu atakapokifungua kitundu cha kutokea na kufunga kingine kilichookotwa kwenye kopo la vipuri.

Geji si mbaya kwa yote. Inastahimili kugongwa, haijali kulala upande, na inafaa kwa fundi anayepanda na mashine ghorofani au kuisafirisha nyuma ya gari. Mrija wa gololi huvunjika, na hausomi sawasawa ukiinama. Lakini kwa mashine isiyohama, ningechagua gololi bila kusita.

Ukiichagua gololi, tazama mambo mawili yaliyoandikwa kwenye mrija: gesi uliyopimiwa na mgandamizo wake. Kiasi kinachopita kwa urefu uleule wa gololi hutegemea uzito wa gesi. Mrija wa agoni ukipitisha kaboni dayoksaidi utakosea kwa takriban asilimia 5 tu, kosa ambalo unaweza kulisamehe. Ukipitisha heli, ambayo ni nyepesi kuliko agoni kwa karibu mara kumi, kinachotoka kweli ni zaidi ya mara tatu ya kile unachosoma, kwa kuwa tofauti hiyo hufuata kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito. Mirija mingi huwa na safu mbili au tatu za namba, kila moja kwa gesi yake, na kosa la kusoma safu isiyo yako ni jepesi kulifanya.

Jambo jingine ni mahali ilipo vali ya kurekebishia mtiririko. Ikiwa baada ya mrija, gesi iliyomo mrijani inabaki kwenye mgandamizo uleule uliotumika kuupima, na usomaji unakuwa sahihi hata njia ya mbele ikibana kidogo. Ikiwa kabla ya mrija, usomaji utayumba. Kuna njia rahisi ya kujua: funga vali hiyo ya mtiririko kabisa, kisha ufungue mtungi taratibu. Gololi ikiruka mara moja halafu ikaanguka na kutulia chini, vali iko baada ya mrija, na hiyo ndiyo unayoitaka.

Angalia pia vipimo vyenyewe. Kwa MIG ndani ya karakana, mtiririko wa lita 12 hadi 18 kwa dakika hutosha kazi nyingi, na kwa TIG lita 6 hadi 10. Kanuni ya mafundi ni takriban lita moja kwa kila milimita ya kipenyo cha ndani cha nozeli. Mita inayofika lita 25 au 30 inakupa nafasi ya kutosha, ilhali inayofika 50 huzibana namba za TIG zote chini kabisa, mahali ambapo haisomeki vizuri. Vifaa vya mfumo wa Marekani huandikwa futi za ujazo kwa saa, na lita moja kwa dakika ni sawa na futi 2.1 hivi. Anayeweka 15 kwenye mita ya namna hiyo akidhani ni lita, anachomelea kwa lita 7. Tena zaidi si bora: gesi ikitoka kwa kasi mno hujipindapinda kwenye mdomo wa nozeli na kuivuta hewa ya nje ndani, na ndiyo maana yule fundi wetu wa mwanzo aliongeza gesi na vitundu vikazidi.

Gesi inayopotea mpirani

Kila unapoachia swichi ya tochi, vali ya umeme iliyo kwenye mashine hufunga, lakini regyuleta huendelea kuujaza mpira hadi mgandamizo wa ndani ulingane na wake. Chukua mpira wa mita 4 wenye tundu la milimita 6: ujazo wake ni kama mililita 113. Regyuleta ikiwa inatoa bar 3.5, mpira huo utahifadhi gesi ya ziada inayokaribia lita 0.4, na yote itatoka kwa mshindo utakapobonyeza tena. Kwa mtiririko wa lita 15 kwa dakika, pointi, yaani mchomo mfupi wa mahali pamoja, ya sekunde mbili inahitaji nusu lita. Yaani anayepiga pointi siku nzima anatumia karibu mara mbili ya gesi anayodhani, na ule mshindo wa mwanzo wenyewe unachokoa hewa na kuichanganya na gesi.

Kwa hiyo, kama kazi yako ni ya pointi nyingi, chagua mita iliyopimwa kwa mgandamizo mdogo zaidi, kwa mfano bar 1.7 hadi 2, na hasara hiyo itashuka kwa karibu nusu. Usishuke chini mno, kwani mgandamizo ukiwa mdogo sana, mtiririko huathirika haraka kila nozeli inapoanza kuziba. Kufupisha mpira na kutumia wenye tundu jembamba husaidia vilevile, tena bila gharama kubwa.

Kuifunga na kuijaribu

Kabla ya kufunga, funga mtungi kwa mnyororo, futa mdomo wa vali, kisha uifungue na kuifunga kwa haraka ili vumbi litoke, ukiwa umesimama kando. Usipake mafuta wala grisi. Kaza nati kwa spana inayofaa, legeza skrubu ya kurekebishia hadi isiwe na mvutano wowote, halafu ufungue mtungi taratibu ukiwa bado kando, wala si mbele ya geji. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo uone kama kuna povu. Agoni na kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hukusanyika kwenye mashimo na ndani ya matangi, na mtu hupoteza fahamu bila kusikia harufu yoyote, kwa hiyo uvujaji mdogo usiku kucha kwenye chumba kidogo si jambo la kuahirisha.

Jaribio la pili ni la kuchunguza kiti cha vali, yaani mahali vali ya ndani inapokalia ikifunga. Kwa regyuleta yenye geji ya upande wa kutokea, weka mtiririko wa kawaida, achia swichi, na utazame mshale kwa dakika chache. Ukitulia, vizuri. Ukiendelea kupanda polepole, kiti kimeingia uchafu au kimelika, na regyuleta hiyo irudishwe ilikonunuliwa au ipelekwe kwa anayezitengeneza, isifunguliwe mezani kwako.

La mwisho, pima kwenye nozeli. Kuna kimrija kidogo cha mkononi chenye gololi ambacho husimamishwa juu ya mdomo wa tochi, waya ukiwa umezuiwa usitoke. Kama mita ya mtungi inasema 15 na kimrija kinasema 9, gesi inapotea njiani: kagua oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ya tochi, viungo vya mpira na vali ya mashine, kabla hujafikiria kubadilisha regyuleta.